Fundo la Mama Sange

Natupa kamba.

*Tumeidaka!*

Ina nini?

*Ina ngano!*

Ivuteni basi.

*Twavuta!*

Hivyo ndivyo ngano ya jioni inavyofunguliwa nyumbani kwetu. Ngano hii ni ya bibi yangu mzaa baba, Bi Mejumaa, aliyekuwa mke wa mkwezi na mama wa wakwezi. Alitaka tuitikie "tumeidaka", wala si "tumeishika". Aliyekosea aliturudisha sote mwanzo, hata kama wali ulikuwa umeshapakuliwa. Alisema atakayefika mwisho wa ngano ataelewa kwa nini.

Siku hizo msitu ulishuka mpaka ufukweni, na katikati yake palikuwa na mvule mmoja mrefu. Shina lake lilikuwa jeupe na laini kama ukuta uliopakwa chokaa, bila tawi, bila kifundo, mpaka juu kabisa kwenye panda, pale matawi yanapoachana. Nyani alijaribu kuupanda akateleza. Kima alijaribu akateleza. Chui peke yake ndiye aliyeuweza, na Chui hakuwa mtu wa kuulizwa anafanyaje.

Chini ya mvule huo, upande linakochomoza jua, aliishi Mama Sange. Mnamjua sange? Ana mwili wa panya, miguu ya paa, na pua ndefu inayochezacheza kama mkonga wa ndovu aliyesahau kukua. Kazi yake ni kufagia njia. Kila asubuhi hupita katika vijia vyake vyote, jani hili kulia, kijiti hiki kushoto, fya, fya, fya, ili siku ya kukimbia asijikwae. Nyumba yake ilikuwa lundo la majani makavu, na ndani yake walilala watoto wake mapacha, ambao walikuwa hawajafumbua macho.

Upande linakozama jua aliishi Fisi.

Fisi alikuwa na nguvu na alikuwa na tabia moja. Akishika, haachii. Alishika mchi wa Nungunungu, hakuurudisha. Alishika jamvi la Digidigi, hakulirudisha. Siku moja aligombania kiti na Kobe, kiti kikavunjika, Fisi akaondoka na mguu mmoja. Kiti hana, mguu anao. Vyote hivyo alivirundika pangoni mwake mpaka pango likajaa, na yeye mwenyewe akawa analala mkia nje.

Mwasikia?

*Twasikia!*

Basi masika yale yalikuja na upepo mbaya. Usiku mmoja tawi kavu la mvule, kubwa kama gogo la kuchongea ngalawa, lilikatika juu: kwa! Lakini halikufika chini. Lilinasa kwenye tawi jingine, likabaki limening'inia juu ya nyumba ya Mama Sange. Upepo ukivuma lililia kwiii. Upepo ukitulia lilijibu kwaa. Kwiii, kwaa. Kwiii, kwaa. Mama Sange hakupata usingizi.

Alfajiri akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba, Kipua. Umeniletea nini?"

"Sikuleta kitu, nimekuja kuomba. Tawi limening'inia juu ya wanangu. Mimi sina uzito, wewe unao. Nitafunga kamba mwenyewe. Wewe uje uvute mara moja tu, kwa nguvu."

"Nikivuta napata nini?"

"Shukrani."

"Hiyo inaliwa?"

"Hailiwi."

Fisi akajikuna shingo. "Na nisipovuta?"

"Litaanguka siku yoyote."

"Likianguka, hiyo nyumba na hivyo vijia ulivyofagia vizuri hivyo, vitakuwa vya nani?"

Mama Sange akageuka kutazama kwake.

"Ala," akasema Fisi. "Basi mimi sina haraka. Msalimie tawi."

Mama Sange akarudi kwake. Juu ya kichaka cha jirani alikuwa amekaa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko shughuli zake zote.

"Dada Sange," akasema Hondohondo, "si uhame tu?"

"Kaka Hondo, wanangu hawajafumbua macho. Wa kwanza nikimbeba mimi, wa pili atabebwa na Fisi. Yule akishika, haachii."

"Ni kweli. Haachii."

"Lakini kama huna kazi, una mdomo."

"Mdomo ninao," akasema Hondohondo. "Kila mtu huniambia hivyo."

Mama Sange akaenda ufukweni, akakusanya makumbi ya nazi. Akayaloweka, akayapiga, akasokota kamba nene iliyozidi kidole gumba cha mkwezi. Kisha akasuka kigwe cha katani, chembamba kama mkia wake. Bi Mejumaa hapa alisisitiza: kamba nene iwe nene na kigwe kiwe chembamba. Ukifunga nene kwa nene, fundo halitashika, na ngano itakuwa fupi.

Mama Sange akampa Hondohondo ncha ya uzi mrefu. "Panda nao mpaka kwenye panda. Ukifika pitisha juu ya panda, lizunguke lile tawi kavu, urudi njia ile ile."

Hondohondo akaruka, vuu, vuu, vuu. Akapita panda, akazunguka tawi, akarudi na ncha mdomoni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikaa kimya muda wote huo, maana angefumbua mdomo uzi ungeanguka.

Mama Sange akafunga kamba nene kwenye uzi, akavuta. Uzi ukashuka, kamba ikapanda. Ncha ilipomrudia, akaifunga kitanzi cha kukaza kwenye upande wa pili wa kamba, akauvuta upande huo. Kitanzi kikapanda chenyewe juu, kikapita panda, kikalibana tawi kavu shingoni: ndi. Upande wa pili wa kamba ukabaki unaning'inia upande wa machweo, upande wa Fisi.

Akaushika, akavuta. Tawi halikutikisika. Akarukaruka juu yake. Tawi halikutikisika. Uzito wake ulikuwa wa embe bivu, na embe moja haling'oi tawi.

"Nitapanda nikaone limenasa wapi," akasema.

"Utapandaje? Nyani aliteleza."

"Nyani alipanda mti. Mimi napanda kamba."

Akachukua kile kigwe, akaunga ncha kwa ncha kikawa pete. Akaishika pete, akaizungusha kwenye kamba nene na kuipitisha ndani yake yenyewe, zunguka, zunguka, zunguka, akakaza. Sehemu iliyobaki akajitia kiunoni, akakaa.

Fundo hilo wakwezi wa kwetu walilijua. Bi Mejumaa alilionyesha kwa kamba ya ndoo ya kisimani, na hakuendelea mpaka kila mmoja wetu amelifunga. Lina tabia zake. Likiwa halina mzigo, ukilisukuma, linapanda. Ukilikalia, linabana, wala halitelezi hata unywele. Ukilishika kwa juu ukalikandamiza, linalegea na kushuka. Likiachwa, linabana tena. Hiyo tabia ya mwisho iwekeni karibu.

Mama Sange akaibana kamba kwa miguu, akainuka, akasukuma fundo, akakaa. Ndi. Akainuka, akasukuma, akakaa. Ndi. Inuka, sukuma, kaa. Inuka, sukuma, kaa. Kidogo kidogo akawa mdogo kama tunda, kisha kama sisimizi, kisha akafika kwenye panda.

Huko akaona mambo mawili. La kwanza, tawi kavu lilikuwa limenasa kwenye kisiki kidogo cha tawi la zamani. Halikuhitaji kuvutwa sana. Lilihitaji kushtuliwa mara moja, na mzito. La pili, kwenye panda palikuwa na mabaki ya windo la Chui: ngozi ya kongoni iliyokauka kama mlango, na mfupa mmoja.

Mama Sange akaitazama ile ngozi. Akalitazama lile tawi. Akatazama chini upande wa machweo, akaona mkia unatokeza pangoni. Pua yake ikachezacheza.

Akajisugua kwenye ile ngozi, akashuka. Kandamiza kidogo, achia. Kandamiza kidogo, achia. Alipofika chini akafunga kifundo kinene karibu na mwisho wa kamba, pale ambapo mzito akifika miguu yake hugusa majani lakini haigusi ardhi.

"Hicho cha nini?" akauliza Hondohondo.

"Cha kumzuia mtu asipitilize."

"Mtu gani?"

"Anakuja," akasema Mama Sange.

Kweli, upepo ulikuwa umeshachukua harufu. Mkia ukaingia pangoni, kichwa kikatoka.

"Kipua," akasema Fisi, "wanuka nini?"

"Nanuka ngozi ya kongoni, Mzee. Chui aliiacha juu pandani."

"Ngozi tu?"

"Ngozi, na mfupa mmoja. Nyama alikula mwenyewe."

Fisi akakaa chini, akafikiri kwa kipimo chake. "Ningekuwa mimi nina nyama," akajisemea, "ningesema sina. Huyu amesema hana. Basi ipo." Mate yakamdondoka, to, to, to.

"Nami nitapanda," akasema.

"Karibu. Lakini nikwambie mapema: kamba hii nimeifunga kwenye lile tawi uliloombwa kulivuta ukakataa. Ukiipanda, unalivuta."

Fisi akafikiri kwa kipimo chake. "Ningekuwa mimi sitaki mtu apande," akajisemea, "ningetafuta la kumtisha." Akauliza, "Wewe umepanda. Limesogea?"

"Kwangu halikusogea."

"Basi nifunge."

Mama Sange akamfunga. Kwake alizidisha mizunguko, maana mizunguko ya mwepesi haimtoshi mzito. Zunguka, zunguka, zunguka, zunguka, na Fisi akaanza kunung'unika.

"Unanipandisha au unanifunga kama mzigo wa kuni?"

"Nataka ufike salama, Mzee. Sasa sikiliza, hili ndilo kubwa. Kupanda ni inuka, sukuma, kaa. Kushuka, kandamiza fundo kidogo, halafu achia. Ukiona mwendo umezidi, usilishike. Achia kabisa. Fundo litakushika lenyewe."

"Niachie?"

"Achia."

"Niko juu, naanguka, halafu niachie?"

"Achia, Mzee. Usipoachia halitashika."

Fisi akacheka mpaka masikio yakatikisika. Akafikiri kwa kipimo chake. "Ningekuwa mimi nimesimama chini," akajisemea, "na mwenzangu yuko juu na nyama yake, ningemwambia nini? Ningemwambia achia." Akamkonyeza Hondohondo. "Huyu Kipua ananiona mtoto."

Hondohondo akatazama pembeni. Aliona mambo ni mazito kwa mdomo wake.

Mwasikia?

*Twasikia!*

Fisi akainuka, akasukuma, akakaa. Ndi! Tawi likalia: kwiii. Mama Sange akaenda kusimama mlangoni mwa lundo la majani, akawatazama wanawe, akalitazama tawi. Kwiii, likalia, lakini halikutoka. Fisi alikuwa anapanda taratibu, kwa sababu ya tumbo, na tawi lile halikujali uzito wa taratibu. Inuka, sukuma, kaa. Kwiii. Inuka, sukuma, kaa. Kwiii.

"Dada Sange," akanong'ona Hondohondo, "likitoka sasa litaangukia wapi?"

"Kamba inavuta machweo. Litaenda machweo."

"Una hakika?"

"Ningekuwa na hakika ningekuwa nimekaa."

Fisi akafika kwenye panda. Akakuta ngozi ya kongoni iliyokauka kama mlango, na mfupa mmoja. Akaipindua ngozi. Hapana nyama. Akachungulia kila upenyo. Hapana nyama. Akanusa mpaka mavumbi yakamwingia puani, akapiga chafya, na tawi likalia kwiii.

Mwingine angecheka, akashuka mikono mitupu. Fisi akaitia ngozi begani. Akauma mfupa. Hakuvitaka, lakini alikuwa ameshavishika.

Akaanza kushuka. Mkono mmoja ulikuwa umekumbatia ngozi, mkono mmoja uko juu ya fundo. Akakandamiza kidogo, akaachia. Ndi. Akakandamiza kidogo, akaachia. Ndi. Akaona kumbe ni rahisi. Akakandamiza zaidi kidogo.

Sriii.

Kamba ikaanza kupita. Fisi akashtuka. Na fisi akishtuka hufanya kile anachofanya siku zote. Akashika.

Sriiiii.

"Achia, Mzee Fisi," akasema Mama Sange kutoka chini, kwa sauti ya kawaida.

"Ng'o," akasema Fisi, na mfupa uko mdomoni.

Akakaza kidole. Fundo likazidi kulegea. Akakaza kiganja. Fundo likazidi kulegea. Kadiri alivyoshika ndivyo alivyoteleza, na kadiri alivyoteleza ndivyo alivyoshika.

Sriiiiiii!

"Achia fundo."

"Ng'o!"

"Si mfupa, Mzee. Mfupa kaa nao. Achia fundo."

"Ng'o! Ng'o! Ng'o!"

Viganja vikaanza kunuka kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa. Machozi yakamtoka, yakabaki juu yakimfuata. Bado alishika. Alishika kwa mkono, alishika kwa kwapa, alishika kwa meno. Hapakuwa na fisi duniani aliyewahi kushika vitu vingi kiasi hicho kwa wakati mmoja, wala aliyewahi kushuka kwa kasi ile.

Kisha fundo likafika kwenye kifundo.

Ndi!

Kamba ikakazika kama uzi wa zeze. Mshtuko ukapanda nayo mpaka juu, ukapita panda, ukalifikia tawi. Kwi, likasema. Kwa, likasema. Halafu likatoka kwenye kile kisiki, likazunguka shina, likaja machweo. Pale kamba ilipolibana palikuwa pamekauka zaidi, pakameguka, ta! Tawi likaenda zake, kamba ikaenda zake.

Tawi liliangukia mlango wa pango la Fisi: puu! Ardhi ikaruka. Mlango ukazibwa wote, hapakubaki hata pa kupitisha mkia.

Fisi naye akashuka kile kidogo kilichobaki. Alikaa chini kwa makalio: pu. Kamba yote ikamfuata, ikamwangukia kichwani, duru juu ya duru, kama kilemba.

Msitu ukawa kimya. Ndani ya lundo la majani mtoto mmoja wa Mama Sange akafumbua jicho moja kwa mara ya kwanza. Akaona tawi halipo na mbingu ipo. Akalifumba, akaendelea kulala.

Fisi akajaribu kusimama. Mbele kulisimama. Nyuma hakukusimama vizuri, na mpaka leo hakujasimama. Mtazameni fisi anapotembea, utadhani anatafuta pa kukaa.

"Kipua," akasema, "umenidanganya."

"Mzee Fisi, nilikwambia juu kuna nini?"

"Ngozi na mfupa."

"Umekuta nini?"

Fisi akautema mfupa. "Ngozi na mfupa."

"Kamba nilisema nimeifunga wapi?"

"Kwenye tawi."

"Na mwendo ukizidi nilisema ufanye nini?"

Fisi akatazama viganja vyake. Vilikuwa havina nywele hata moja. Akavilamba, kisha akasema, "Ulijua kwamba sitaachia."

"Ningekwambia ushikilie, ungeachia?"

Fisi akaanza kufikiri. Akaona kuna jibu mahali fulani, lakini kila akitaka kulikamata linateleza. Akaondoka akichechemea, bado anafikiri. Mpaka leo anafikiri. Ukimsikia anacheka peke yake gizani, ujue amelikaribia. Akinyamaza ghafla, ujue limemponyoka.

Asubuhi yake Nungunungu alichimba nyuma ya pango, na kila mwenye chake akachukua chake. Mchi ukarudi kwa Nungunungu. Jamvi likarudi kwa Digidigi. Kobe alipata mguu wa kiti, akaenda nao nyumbani taratibu, na nasikia bado hajafika.

Mama Sange akaikunja kamba yake. Ya makumbi huanikwa kivulini, haianikwi juani kutwa. Alipomaliza, Hondohondo akamjia.

"Dada Sange, kwa hiyo ulimshinda kwa kumwambia kweli tupu?"

"Kwa nini niusumbue uongo," akasema Mama Sange, "na huyu mwenyewe anajitengenezea?"

Akashika ufagio wake wa miguu, akaingia katika vijia vyake. Jani hili kulia, kijiti hiki kushoto. Fya, fya, fya.

Ngano imefika. Na sasa mafunzo yake, kama Bi Mejumaa alivyoyatoa, huku ameshika kikombe cha kahawa ambacho hakumpa mtu:

Watoto wangu, kitu ukikishika, kishike kwa nguvu zako zote, wala usiachie hata uambiwe na nani.

Na hapo kila mara mmoja wetu alisema, "Lakini bibi, Fisi alishika kwa nguvu zake zote na ndiyo maana akaanguka."

Naye alijibu, bila kucheka, "Fisi alishika kwa mkono mmoja. Angetumia yote miwili."

Nakunja kamba yangu.

*Ikunje!*

Aliyeshika ncha?

*Ameachia!*

Basi laleni. Na aliyeficha sahani ya mwenzake chini ya jamvi, nimemwona, naye aachie.